Siku Vasco da Gama Alipopiga Magoti kwa Mabaniani

Kengele saba ndogo zilitundikwa ukutani karibu na lango. Mbele ya lango palisimama nguzo ya shaba, ndefu kama mlingoti wa jahazi, na juu yake ametua ndege wa shaba anayefanana na jogoo. Jengo lenyewe lilikuwa kubwa, la mawe ya kuchonga na paa la vigae. Katikati yake kulikuwa na kijumba kingine cha mawe, kina ngazi na mlango wa shaba wa kupita mtu mmoja tu. Mle ndani, kizani, ilionekana sanamu ndogo. Wageni waliambiwa, au walidhani wameambiwa, kwamba yule ni Bikira Maria. Basi wakapiga magoti, wakasali.

Ilikuwa Jumatatu, tarehe 28 Mei 1498, katika mji wa Calicut, ambao leo unaitwa Kozhikode, kwenye jimbo la Kerala, pwani ya kusini-magharibi ya India. Aliyepiga magoti ni Vasco da Gama, mkuu wa msafara wa Wareno, na pamoja naye wenzake 13. Walikuwa ndani ya hekalu la Wahindu, nao walitoka humo wakiamini wamesali kanisani.

Habari hii tunaipata kutoka kwao wenyewe. Mmoja wa watu wa msafara aliandika kumbukumbu za safari siku baada ya siku. Wengi wanaamini alikuwa Álvaro Velho, ingawa hakuweka jina lake. Nakala ya kale ya kumbukumbu hizo imehifadhiwa katika maktaba ya mji wa Porto, Ureno, na mwaka 2013 UNESCO iliiweka kwenye orodha ya kumbukumbu za dunia. Mwandishi huyo ana jicho zuri sana. Alihesabu kengele, akapima kwa macho urefu wa nguzo, na akaona hata namna makuhani walivyovaa uzi uliopita juu ya bega la kushoto na kushuka chini ya mkono wa kulia. Kila alichokiona alikiona sawasawa. Tatizo ni jina alilokipa.

Uzi ule ni uzi mtakatifu wa Wabrahmini, unaovaliwa mpaka leo na kwa namna ile ile. Yeye aliufananisha na kitambaa wanachovaa mashemasi wa Kikatoliki. Makuhani waliwanyunyizia maji, naye akaandika kuwa ni maji ya baraka. Wakapewa kitu cheupe kama udongo ambacho wenyeji hujipaka kwenye paji la uso, kifuani, shingoni na mikononi. Aliyewahi kuwaona Wahindu wakitoka kwenye ibada anajua kwamba hayo ni majivu au unga wa msandali. Da Gama alipokea chake, akaashiria kuwa atajipaka baadaye.

Sheria ya kijumba cha ndani pia aliiandika bila kukosea: wageni hawakuruhusiwa kukikanyaga, ni wahudumu tu waliokiingia. Ndivyo mahekalu ya Kerala yalivyo hadi sasa. Chumba kile ni cha mungu mwenyewe, na mwenye ruhusa ya kuingia ni kuhani.

Halafu wakatazama kuta. Kulikuwa na picha za wale aliowaita watakatifu, wamevaa mataji. Lakini watakatifu hawa walikuwa na mikono minne au mitano, na baadhi yao meno yaliwatoka nje ya kinywa kwa urefu wa inchi nzima! Hapo nadhani mtu yeyote aliyelelewa makanisani Lisbon angeanza kujiuliza. Mmoja alijiuliza kweli. Fernão Lopes de Castanheda, mwanahistoria wa Kireno wa karne ya 16, anasimulia kwamba João de Sá, karani wa merikebu mojawapo, alipiga magoti kando ya da Gama kisha akasema kwa sauti kwamba ikiwa yule ni shetani, basi yeye anamwabudu Mungu wa kweli. Da Gama alimgeukia, akatabasamu.

Tabasamu hilo limenisumbua muda mrefu. Huenda mkuu naye alikuwa na shaka lakini hakutaka kuitamka mbele ya watu wake, baada ya miezi kumi na zaidi baharini.

Kuelewa walifikaje hapo, inabidi turudi nyuma wiki saba, tuje huku kwetu.

Wareno walifika Mombasa tarehe 7 Aprili 1498. Kesho yake, Jumapili ya Matawi, watu wao wawili walipelekwa mjini kutembea. Wakapitishwa kwenye nyumba ya wafanyabiashara wawili waliodaiwa kuwa ni Wakristo. Hao waliwaonyesha karatasi waliyokuwa wakiiheshimu katika ibada, ina mchoro. Wageni wakauona mchoro ule kuwa ni Roho Mtakatifu, ambaye kwa desturi ya Wakatoliki huchorwa kama njiwa. Karne nyingi baadaye Richard Burton, Mwingereza aliyeijua India na pwani yetu pia, alitoa wazo kwamba huenda ule ulikuwa mchoro wa Shiva, mungu wa Kihindu, katika umbo la njiwa. Hilo ni wazo tu, lakini linaendana na yaliyofuata.

Mambo ya Mombasa yakaharibika, wakaondoka tarehe 13. Siku mbili baadaye, Pasaka yenyewe, walikuwa mbele ya Malindi. Bandarini waliziona merikebu nne za Wahindi, na tena wakaambiwa kuwa wenye merikebu hizo ni Wakristo. Wahindi hao walipanda kwenye merikebu ya Paulo da Gama, ndugu yake Vasco. Wakaonyeshwa picha ya Mama Maria amempakata Yesu chini ya msalaba, mitume wamemzunguka. Mara wakasujudu. Na kwa siku zote ambazo Wareno walikaa Malindi, walikuwa wakija kusali mbele ya picha ile, wakileta karafuu, pilipili manga na vitu vingine.

Mwandishi wetu anawaeleza: weusi wa kiasi, nguo chache, ndevu ndefu, nywele ndefu za kusuka. Akaongeza jambo ambalo lingetosha kumfumbua macho: waliwaambia Wareno kwamba hawali nyama ya ng'ombe. Siku da Gama alipokaribia mji kwa mashua, Wahindi hao walipiga mizinga kwa furaha, wakainua mikono na kupaza sauti wakitaja jina ambalo Wareno walilisikia kuwa ni Kristo. Baadhi ya wanahistoria wanaona kwamba jina lililotajwa lilikuwa Krishna. Yaseme yote mawili kwa sauti mara tatu, uone jinsi yanavyokaribiana.

Usiku Wahindi hao wakafanya sherehe ya fataki, kwa ruhusa ya mfalme wa Malindi.

Mfalme huyo alijua vizuri hao watu ni akina nani. Yeye alikuwa Mwislamu, na mjini kwake merikebu kutoka Gujarat zilikuja kila msimu wa kaskazi na kurudi na kusi, nazo zilileta nguo na shanga na kuchukua pembe na dhahabu. Baniani hakuwa kioja pwani hii. Neno lenyewe, Baniani, ni jina la tabaka la wafanyabiashara wa Kigujarati, na lugha yetu imelitunza mpaka kwenye methali ile ya kiatu chake kuwa dawa. Lakini Wareno hawakuwa na swali la kumuuliza mfalme kuhusu dini za watu wa bandarini. Walikuwa na jibu tayari. Mfalme alipowajia kwa mashua, amekaa chini ya mwavuli wa hariri nyekundu, siwa mbili za pembe, ndefu kama mtu, zikilia, mazungumzo yalikuwa juu ya rubani. Rubani wakampata. Mwandishi wa safari anasema naye alikuwa Mkristo! João de Barros, aliyeandika baadaye, anasema alikuwa Mwislamu wa Kigujarati aitwaye Malemo Cana. Malemo bila shaka ni muallim, neno la Kiarabu lililotupa mwalimu, na mabaharia walilitumia kwa anayeongoza chombo. Hadithi kwamba rubani alikuwa Ahmad ibn Majid, bingwa wa bahari wa Oman, inapendwa sana, lakini watafiti wa leo wameiweka kando.

Waliondoka Malindi Jumanne tarehe 24 Aprili. Siku 23 hawakuona nchi kavu. Tarehe 20 Mei wakatia nanga karibu na Calicut.

Kwa nini walikosea hivyo? Jibu la haraka ni ujinga, na si jibu la haki. Ulaya ya wakati ule iliamini kwamba mahali fulani mashariki yuko mfalme Mkristo mwenye nguvu, Kasisi Yohana, na kwamba akipatikana atasaidiana nao dhidi ya Waislamu. Kumtafuta ilikuwa sehemu ya kazi ya msafara. Zaidi ya hapo, watu hawa walikuwa na mafungu mawili tu kichwani: kuna Mwislamu na kuna Mkristo. Myahudi walimjua, lakini hakuwa na dola. Kwa hiyo wakikutana na mtu ambaye si Mwislamu, ana hekalu lake, ana sanamu, kengele, maji na makuhani, huyo watamweka wapi?

Tena Kerala ilikuwa na Wakristo wa kweli. Jamii ya Wakristo wa Mtakatifu Tomaso waliishi huko karne nyingi kabla Mreno yeyote hajazaliwa, wakisali kwa Kisiriaki. Uvumi uliofika Ulaya kwamba India kuna Wakristo haukuwa wa uongo. Wareno walikwenda tu nyumba ya jirani.

Na lugha? Da Gama hakujua Kimalayalam, na wenyeji hawakujua Kireno. Kila neno lilipitia Kiarabu, kwa mkalimani Fernão Martins. Mreno anauliza kuhusu Mama Maria, mkalimani anageuza kwa Kiarabu, Mhindu mwenye Kiarabu cha sokoni anasikia habari za mama anayeabudiwa, anaitikia ndiyo. Kusini mwa India yuko mungu wa kike aitwaye Mari, na wapo wanaodhani jina hilo ndilo lililowachanganya. Hata bila hilo, naona mazungumzo yale yangeishia palepale. Mwenyeji aliona wageni wanaoheshimu nyumba ya ibada. Kwa nini awakatishe?

Kutoka hekaluni walipelekwa kwenye hekalu la pili, wakaona mambo yale yale, kisha wakasukumana na umati mpaka kwa mfalme. Watu walikuwa wengi hadi juu ya mapaa, ngoma na zumari zikipigwa. Da Gama alibebwa kwenye machela. Mfalme wa Calicut, ambaye cheo chake ni Samudri na Wazungu walimwita Zamorin, alikuwa amejinyoosha kwenye kitanda chenye tandiko la mahameli ya kijani. Mkono wa kushoto alishika kopo kubwa la dhahabu. Mwandishi anaeleza kwa mshangao kwamba mfalme alitafuna mmea fulani na kutemea humo. Msomaji wa Lamu au Unguja hahitaji maelezo: ilikuwa tambuu, na popoo ndani yake. Wageni wakaletewa matunda. Moja kama tikiti, ganda lake linakwaruza lakini ndani tamu. Hilo nadhani ni fenesi. Jingine lilifanana na tini, tamu pia. Ndizi!

Kesho yake da Gama alitayarisha zawadi. Vipande 12 vya kitambaa cha mistari, vilemba vinne vyekundu vya kushonwa, kofia sita, mikufu minne ya marijani, mabeseni sita ya kunawia, kasha la sukari, mapipa mawili ya mafuta na mawili ya asali. Maofisa wa Samudri walipokuja kuvikagua walicheka. Wakasema hata mfanyabiashara maskini kuliko wote anayetoka Maka angeleta zaidi ya hivyo, na kwamba zawadi ya mfalme ni dhahabu. Ukumbuke huu ni mji ambao meli za Wachina za Zheng He zilikuwa zimeufikia mara kadhaa mwanzoni mwa karne hiyo hiyo ya 15. Mabeseni hayakuwa na nafasi.

Da Gama alipokubaliwa kumwona mfalme tena, Samudri alimwambia amesikia kwamba merikebuni wana sanamu ya Maria ya dhahabu, na akaitaka. Da Gama akajibu kuwa si ya dhahabu, na hata ingekuwa, hangeitoa, kwa kuwa ndiyo iliyomvusha bahari na itamrudisha kwao. Sijui kama walielewana hapo, lakini nadhani kwa mara moja katika ziara ile walikuwa karibu sana kuelewana. Mfalme wa Kihindu anajua vizuri sanamu inayolinda safari ni nini.

Waliondoka Calicut mwishoni mwa Agosti, biashara haikwenda vizuri, pepo zikiwakataa. Kuvuka kurudi Afrika kuliwachukua miezi mitatu, na kiseyeye kikawaua wengi. Januari 1499 walikuwa Malindi tena. Watu waliobaki walikuwa wachache mno kuendesha merikebu tatu, basi moja, São Rafael, wakaichoma moto. Merikebu ya kwanza iliyofika Ureno, Julai 1499, ilileta habari kwamba India imefikiwa na watu wake ni Wakristo. Mfalme Manuel akawaandikia wafalme wa Uhispania kwa furaha, akieleza kwamba imani ya Wakristo hao bado haijakomaa na inahitaji kuimarishwa.

Kosa hilo halikudumu hata miaka mitatu. Mwaka 1500 ukaja msafara wa pili, wa Pedro Álvares Cabral, ukapita Malindi na kufika Calicut. Desemba mwaka huo yakazuka mapigano, Wareno zaidi ya 50 wakauawa kwenye ghala lao, na Cabral akaupiga mji mizinga. Alipotoka Kochi, bandari iliyo kusini ya Calicut, alikuwa amewapakia makasisi wawili wa Wakristo wa Mtakatifu Tomaso. Mmoja alifariki. Wa pili, Yosefu, alifika Lisbon mwaka 1501, akaenda Roma na Venice. Alieleza bila kuficha kwamba watu wa Calicut si Wakristo, na kwamba Wakristo ni wao walioko kusini. Maelezo yake yalichapishwa Italia mwaka 1507.

Walipokwisha kuelewa, mambo hayakuwa mazuri zaidi. Mwaka 1502 da Gama alirudi akiwa na mizinga mingi zaidi. Njiani aliilazimisha Kilwa kulipa kodi ya dhahabu, na dhahabu hiyo ilifuliwa kuwa chombo cha kuwekea Ekaristi, kilichokamilika mwaka 1506. Kipo hadi leo kwenye jumba la makumbusho Lisbon, ukitaka kuiona dhahabu ya Kilwa. Kwenye pwani ya India alichoma moto merikebu iliyojaa mahujaji waliotoka Maka, wanawake na watoto wakiwemo. Mwaka 1505 Kilwa na Mombasa ziliporwa. Huko Goa, mji ambao Wareno waliuteka mwaka 1510, mahekalu ya Kihindu yalianza kubomolewa kwa amri kuanzia mwaka 1540, na mwaka 1560 ikafuata mahakama ya kuchunguza imani za watu. Picha zile zenye mikono minne, walizozipigia magoti kwa heshima, sasa waliziona ni mashetani. Ukinilazimisha kuchagua, ningechagua Mreno wa 1498 aliyekosea kuliko wa 1540 aliyejua.

Da Gama mwenyewe alifia Kochi tarehe 24 Desemba 1524, akazikwa kwanza huko huko, kanisani. Mara hii lilikuwa kanisa kweli.

Anayetaka kufuata nyayo zake leo ajue jambo moja. Mombasa, kwenye hekalu la Swaminarayan barabara ya Haile Selassie, mgeni wa dini yoyote huvua viatu, akaingia na kutazama. Kerala si hivyo kila mahali. Kwenye hekalu mashuhuri la Krishna la Guruvayur, kusini ya Kozhikode, asiye Mhindu haruhusiwi kuingia. K. J. Yesudas, mwimbaji mkubwa aliyezaliwa kwenye familia ya Kikristo na ambaye nyimbo zake za kumsifu Krishna hupigwa kila kona ya jimbo, hakuruhusiwa kuvuka lango hilo. Vasco da Gama na Biblia yake wangebaki nje, kwenye vibanda vya maua.

Katika hati ile ya Porto, hekalu la Calicut bado limeandikwa kwa neno la Kireno la kanisa: igreja. Hakuna aliyelifuta. Wareno walipojenga Ngome ya Yesu Mombasa kuanzia mwaka 1593, walikuwa na igreja yao ndani ya kuta, na wenyeji wakalichukua neno hilo wakalitamka gereza. Kwanza lilikuwa na maana ya ngome, na ngome ya Kilwa Kisiwani inaitwa Gereza hadi leo. Waingereza nao waliifanya Ngome ya Yesu kuwa jela, kuanzia 1895 hadi 1958.